Mkwaja na Hesabu ya Mkulima

Mara nyingi mkulima wa pwani ya Pangani huambiwa kwamba umaskini wake watokana na vishamba vyake vya mahindi, muhogo na minazi, na kwamba utajiri umo katika kilimo kikubwa cha kitu kimoja. Kabla ya kulikubali shauri hilo, yafaa aitazame Mkwaja, ambako kilimo kikubwa na kidogo vilikaa jirani kwa karibu miaka 50.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, yenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga, ilianzisha huko ranchi ya ng'ombe ili wafanyakazi wake wa mkonge wapate nyama. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 462, na ng'ombe walipata kuzidi 10,000. Hakuna mwanakijiji aliyeweza kushindana na mapato ya namna hiyo. Lakini daftari lina kurasa mbili. Nchi ile ni ya mbung'o. Ng'ombe hawakuweza kuishi pasipo dawa ya nagana, mwaka hata mwaka. Navyo vichaka vya migunga vikayavamia malisho, ikabidi vifyekwe kwa gharama. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na leo ardhi yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Mkonge wenyewe haukuwa na usalama zaidi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za plastiki zikaivunja bei, na mkata mkonge asiye na shamba lake akapoteza mshahara na chakula kwa pamoja.

Mwenye minazi hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuona nazi ya kwanza. Baada ya hapo huangua kila miezi mitatu hivi, kwa miaka mingi. Fedha ni chache, ila hazimkawii. Muhogo nao hukaa ardhini ukimsubiri mwenyewe, jambo ambalo ng'ombe mgonjwa hawezi. Wala tusiusifu udogo kupita kiasi: ugonjwa wa kunyong'onyea umeiua minazi mingi ya pwani, nguruwe na nyani hula bila kupanda, na mchuuzi afikaye shambani ndiye apangaye bei. Usiku wa kulinda mahindi hauandikwi popote, nao ni kazi.

Kwa hiyo anayekuja kijijini na hesabu ya mavuno peke yake aulizwe: dawa na vibarua vimekwisha kutolewa? Miaka ya kungoja ni mingapi, na watoto watakula nini katika miaka hiyo? Mwaka wa hasara atalipa nani? Kampuni huweza kufunga ranchi ikabaki na mashamba mengine. Mwenye ekari tatu za Mkwaja hana shamba la pili la kukimbilia.