Usimharakishe Mwenye Bunduki

Wakulima wa Kericho na Bomet, wengi wenu hamna bunduki, wala hamna haja nayo. Kuwinda kulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na mtu haruhusiwi kuwa na silaha bila cheti cha serikali. Lakini siku nyati anapotoka msituni na kuingia katika chai, au ndovu wanapovuka kutoka upande wa Mara na kufika katika mahindi ya Bomet, ninyi ndio mnaokwenda kumwita askari wa wanyamapori. Akifika mnamzunguka na kumwambia, "Piga, Bwana Askari! Piga sasa!"

Kwa maoni yetu maneno hayo ni ya hatari. Tena iko sababu moja ambayo watu wachache huifikiri, nayo ni joto la risasi.

Ndani ya ganda la risasi mna baruti. Kila mama anajua ya kuwa kuni zilizoanikwa juani hushika moto upesi kuliko zile zilizolala katika ukungu. Baruti nayo ina tabia kama hiyo. Ikiwa na joto huungua upesi zaidi, msukumo ndani ya bunduki huzidi, na risasi hutoka mbio zaidi na kupiga juu kidogo. Ikiwa baridi, risasi hutoka polepole zaidi na kupiga chini kidogo.

Basi fikirini hali ya nchi yetu. Asubuhi ya Kericho yenye ukungu huweza kuwa na digrii 10 tu. Gari lililofungwa na kuachwa juani huweza kupita digrii 50 ndani yake. Baruti nyingi za kawaida zikipanda joto kwa digrii 30, risasi iliyokuwa ikitoka mtutuni kwa mbio ya mita 800 kwa sekunde huweza kuongeza mita 15 hadi 30 kwa sekunde. Siku hizi ziko baruti zilizotengenezwa zisibadilike sana, lakini si kila risasi inazo.

Je, tofauti hiyo yatosha kumkosa nyati? Tuseme kweli. Kwa mita 100, risasi haihami hata sentimita moja. Kwa mita 300 huweza kuhama kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Kwa hiyo anayekosa mnyama karibu asisingizie jua. Lakini anayepiga kutoka mbali, huku jua linatua na watu wanampigia kelele, anaongeza kosa juu ya kosa. Risasi ikipata tumbo badala ya moyo, nyati aliyejeruhiwa ataingia katika chai na kujificha humo. Kesho yake asubuhi anayekutana naye si askari, bali ni mchuma chai.

Hatari ya pili iko ndani ya bunduki yenyewe. Mwaka 1889 Waingereza walitengeneza baruti iliyoitwa cordite. Kule kwao penye baridi ilifanya kazi vizuri, lakini katika joto la Bara Hindi na Afrika msukumo wake ulizidi, na maganda yakanasa ndani ya bunduki. Mwindaji alipiga mara moja, ganda likakataa kutoka, na mnyama yuko mbele yake. Mafundi walilazimika kutengeneza risasi za nchi za joto, zenye baruti iliyopunguzwa. Baruti za leo ni bora kuliko ile, lakini kanuni ni ile ile: joto likizidi, msukumo huzidi.

Basi yafaa kufanya nini? Askari aweke risasi zake kivulini, pakavu, wala asiziache mbele ya gari chini ya kioo. Baada ya kupiga mara kadhaa, asiache risasi ikae muda mrefu ndani ya bunduki iliyopata moto. Na bunduki aipime shabaha hapa hapa anapofanya kazi, kwa risasi zile zile atakazotumia, maana hewa ya milima yetu ni nyepesi na baridi kuliko ile ya pwani.

Nanyi wakulima mna kazi yenu. Mwonyesheni askari mahali pa kuweka vitu vyake kivulini. Waondoeni watoto na ng'ombe. Mwambieni nyumba za majirani ziko upande gani, kwa maana risasi iliyokosa mnyama haikomi penye mpaka wa shamba. Kisha nyamazeni, mwacheni asogee karibu. Kazi yake ya kwanza ni kumfukuza mnyama, na kuua ni neno la mwisho.

Mtasema, "Tukingoja, mahindi yataisha." Ni kweli kwamba hasara inauma, na hatuidharau. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka njia ya kudai fidia; toeni habari mapema katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori, na msifyeke mahali palipoharibiwa kabla hapajaonekana. Mahindi hupandwa tena msimu ujao. Mtu akifa hapandwi tena. Mwenda pole hajikwai, na mwenye bunduki ndiye apasaye kwenda pole kuliko watu wote.