Garimoshi la Kuzunguka Mti wa Krismasi

Mama mmoja, msomaji wetu akaaye Ujerumani, ametuletea barua ya masikitiko. Mwaka jana alimnunulia mwanawe garimoshi la plastiki, lizunguke chini ya mti wa Krismasi kama ilivyo desturi ya huko. Sikukuu haikupita, meno ya ndani yakakatika, mtoto akalia. Safari hii anayo akiba ya kununua moja tu, naye auliza achague lipi.

Mama, kwanza pima mahali kabla ya kufungua mkoba. Magarimoshi madogo ya kipimo cha H0, ambayo reli zake zimeachana milimita 16.5, yafaa mezani. Sakafuni hunasa nywele na nyuzi za zulia upesi, na mkono wa mtoto huyavunja. Lililo bora kwako ni lile kubwa la reli za milimita 45, mfano wa LGB, ambalo kampuni ya Lehmann ya Nürnberg ilianza kuliuza mwaka 1968. Reli zake ni za shaba ya manjano, nalo liliundwa liweze kwenda hata bustanini penye mvua na theluji. Vipande 12 vya kona yake ndogo kabisa hufanya duara la upana wa meta 1.2 hivi. Basi hakikisha nafasi hiyo unayo.

Pili, bei ikikushinda, usione haya kununua lililokwisha tumika. Lakini usitoe fedha mpaka umeliona likienda mbele na kurudi nyuma bila kukwama. Ligeuze, utazame kama magurudumu hayakulika na kama meno ya ndani hayana ufa.

Tatu, hapana budi kulitunza. Fagia majani ya mti kila siku, maana huingia katika magurudumu. Nyuzi za kumetameta zilizo za madini zisiangukie reli, kwani huziunganisha zote mbili zikaleta shoti. Transfoma na ikae mbali na maji ya kumwagilia mti, nawe uichomoe kabla ya kulala.

Wazee walisema rahisi ni ghali. Garimoshi moja imara, likifutwa vumbi na kuhifadhiwa vema sandukuni, huenda likawazungukia hata wajukuu zako. Twakutakia sikukuu njema.