Vitambua moshi vya kwenye dakti vijaribiwe kwa moshi

Naomba nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo naona halizungumzwi, nalo ni moshi ndani ya mitambo ya hewa ya maghorofa yetu. Mimi ni fundi wa viyoyozi, na kazi yangu hunipeleka juu ya dari, mahali ambapo wapangaji hawafiki na hata msimamizi wa jengo mara nyingi hajapata kuchungulia.

Dar es Salaam sasa ina majengo yanayopita ghorofa 30, na huko Mtumba, Dodoma, ofisi za Serikali zimejengwa nyingi kwa muda mfupi. Katika jengo lenye mtambo mmoja wa hewa, feni kubwa husukuma ubaridi katika mabomba mapana ya bati, ambayo sisi mafundi tunayaita dakti, hadi kila chumba. Hewa iliyotumika hurudi mtamboni, ikachanganywa na ya nje kidogo, ikasukumwa tena. Kwa hiyo moshi ukiingia humo, feni ile ile inayotuletea ubaridi ndiyo itakayotugawia moshi, na mtu aliye mbali kabisa na moto ataanza kukohoa kabla hajajua kuna nini.

Wapo watakaosema natisha watu bure. Nawakumbusha moto wa hoteli ya MGM Grand, mjini Las Vegas, Marekani, tarehe 21 Novemba 1980. Moto ulianza asubuhi katika mkahawa wa ghorofa ya chini kwa hitilafu ya umeme. Watu 85 walikufa, na wengi wao hawakuguswa na moto: waliuawa na moshi katika ghorofa za juu ambako miali haikufika. Moshi ulipanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti, kwa nafasi zilizoachwa ukutani kwa ajili ya tetemeko, na kwa mitambo ya hewa. Sisemi kwamba kifaa kimoja kingewaokoa wote, kwani sehemu iliyoungua haikuwa hata na vinyunyizio vya maji. Lakini njia moja kati ya hizo inaweza kufungwa kwa kuzima feni tu.

Hiyo ndiyo kazi ya kitambua moshi cha dakti. Ni kisanduku kinachofungwa ubavuni mwa bomba, na ndani ya bomba kunapita mrija wenye matundu unaochota hewa na kuipitisha kisandukuni. Kikiona moshi kinazima feni na kupeleka habari kwenye paneli ya moto. Kanuni za Marekani, ambazo wahandisi wengi wa hapa huzifuata pia, zinataka kiwekwe katika mtambo unaopitisha zaidi ya lita 944 za hewa kwa sekunde, baada ya chujio na kabla bomba halijaanza kugawanyika.

Ndugu Mhariri, tatizo letu si kukosa vifaa. Vifaa vipo, vimenunuliwa kwa fedha nyingi. Katika jengo moja nililoitwa kutengeneza mtambo nilikuta mrija umefungwa matundu yakiwa yametazama upande hewa inakokwenda badala ya inakotoka, tena karibu kabisa na kona, ambako hewa huzunguka ovyo. Mwisho wa mrija haukuwa na kizibo. Katika jengo lingine nyaya za kuzima feni zilikuwa zimekatwa, na mlinzi akanieleza bila wasiwasi kwamba kifaa kile "kilikuwa kinasumbua". Kilikuwa kinasumbua kwa sababu kimejaa vumbi! Kusafisha ni kazi ya nusu saa. Na katika majengo yote mawili paneli ilikuwa inaonyesha taa ya kijani.

Ndiyo maana majaribio yanayofanywa na baadhi ya makandarasi hayatoshi. Fundi hugusisha sumaku kisandukuni, taa nyekundu inawaka, karatasi inatiwa sahihi. Sumaku huonyesha kwamba umeme wa kifaa ni mzima. Haionyeshi kwamba hewa ya dakti inafika ndani yake. Jaribio la kweli ni kuwasha feni, kupima kwa manomita kama kuna tofauti ya mkandamizo kati ya mrija wa kuingiza hewa na wa kuitoa, kisha kuingiza moshi wa kopo na kwenda kuangalia kwa macho kama feni imezimika na dampa zimejifunga. Lifanyike kila mwaka.

Niongeze jambo moja ambalo wenye majengo hawapendi kulisikia. Usiku, feni ikizimwa, hewa haitembei, na kitambua moshi cha dakti hakioni kitu. Hakiwezi kuchukua nafasi ya vile vya vyumbani, ingawa nimeona michoro ambayo imefanya hivyo ili kupunguza gharama.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa askari wetu uwezo wa kukagua majengo. Ninawaomba wanapofika wasiishie kwenye mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, bali wadai feni izimwe kwa moshi mbele yao, na cheti kisitolewe kama haikuzimika. Wenye majengo nao waweke vidirisha vya kufikia vifaa hivi. Wiki iliyopita nilitakiwa kukagua kimoja nikakuta dari ya jipsam imefungwa yote na kupakwa rangi, wala hakuna aliyekumbuka kiko chumba gani.

Fundi Viyoyozi,
Ilala, Dar es Salaam.