Programu ya Bure Nayo Ina Gharama

Mfanyabiashara anayepokea oda kwa ujumbe wa kompyuta hauzi kitu siku ambayo seva yake ya mazungumzo imezimika. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2011 yanafaa kukumbukwa hata leo.

Mwaka huo iligundulika dosari moja katika programu tatu za seva za mazungumzo zinazotolewa bure: ejabberd, jabberd2 na Prosody. Zote hupokea ujumbe ulioandikwa kwa mtindo wa XML, ambao humruhusu mwandishi kutunga vifupisho, kimoja kikiita kingine. Tuchukue neno la herufi 3. Kifupisho cha kwanza kinaliita mara 10, cha pili kinakiita cha kwanza mara 10, na kuendelea hadi cha tisa. Ujumbe usiofika kilobaiti 1 unafumuka kuwa maneno bilioni 1, takriban gigabaiti 3. Ni sawa na kupokea bahasha ambayo ukiifungua inajaza ghala zima. Seva inaishiwa kumbukumbu, na wateja wote wanakatiwa. Mtumaji hahitaji neno la siri, kwani seva huanza kusoma kabla ya kumtambua.

Kinachoudhi ni kwamba kanuni za XMPP, zinazofuatwa na seva hizo, zilipiga marufuku vifupisho vya aina hiyo tangu mwaka 2004. Katazo lilikuwapo kwenye karatasi, lakini mlangoni hapakuwa na mkaguzi. Marekebisho yalitolewa katika ejabberd 2.1.7, jabberd2 2.2.14 na Prosody 0.8.1. Hata hivyo, marekebisho hayajipeleki yenyewe dukani kwa mtu.

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na programu za bure. Sikubaliani nao. Programu ya kulipia nayo huweza kuwa na tundu kama hilo, na hizi zilizibwa hadharani. Kosa ni kudhani kwamba kisichouzwa hakina gharama. Gharama ipo, nayo ni ya matunzo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba na fundi, muulize mambo matatu: seva inatumia toleo gani, ilirekebishwa lini mara ya mwisho, na je, imewekewa kikomo cha kumbukumbu? Anayetaka kununua hisa za kampuni inayouza kwa mtandao naye aulize hivyo hivyo. Jibu la "inafanya kazi tu" lisikubaliwe. Hata gari lisilo na breki hutembea vizuri mpaka lifike mteremkoni.