Ugonjwa wa mishipa ya fahamu si uchawi: Lualaba iwekeze katika vipimo

Mtu akipoteza nguvu za miguu Kolwezi, Fungurume ao Dilolo, mara nyingi familia inaanza kwa kuuliza nani amemroga. Pesa zinaisha, miezi inapita, na mgonjwa anafika hospitali akiwa amebebwa. Muda huo unaopotea ndio unaoharibu mwili.

Kazi ya Profesa Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo aliyebobea katika magonjwa ya mishipa ya fahamu na anayetafiti kati ya INRB ya Kinshasa na chuo kikuu cha afya cha Oregon, Marekani, inaonyesha njia nyingine. Kwa miaka mingi amechunguza konzo, ugonjwa ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kwango. Konzo inapooza miguu yote miwili kwa ghafla, na haiponi. Chanzo chake ni sumu ya sianidi inayobaki ndani ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa watu wanaokosa chakula chenye protini. Mwaka 2013, yeye pamoja na Michael Boivin na wenzao walionyesha kwamba sumu hiyo inapunguza pia uwezo wa akili wa watoto wa Kahemba, hata wale wanaotembea vizuri.

Chanzo kilipojulikana, kinga ilipatikana. Wanawake wa kijiji cha Kay Kalenda walifundishwa kulowanisha unga wa muhogo, kuutandaza mwembamba na kuuacha juani saa 2 ili sumu itoke, kabla ya kusonga bukari. Hakuna mchawi aliyehitajika kukamatwa.

Magonjwa mengine yanayofanana yanahitaji uangalifu uleule. Moja ni ule ambao kwa kifupi cha Kifaransa unaitwa SEP. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Wakaaji wa Lualaba wanajua waya wa shaba: ganda lake likiharibika, umeme haupiti vizuri. Jicho linafifia, mkono unakufa ganzi, mguu unakuwa mzito. Nafuu inakuja, kisha ugonjwa unarudi. Zaidi ya watu milioni 2,8 duniani wanaishi nao. Ni kweli kwamba karibu na ikweta ni wa nadra. Lakini pasipo vipimo, hata mgonjwa aliyepo hahesabiwi.

Kukisia nako ni hatari. Kuna ugonjwa wa Devic, unaopiga macho na uti wa mgongo, na unaowapata zaidi watu weusi. Baadhi ya dawa za SEP zinauzidisha. Tena, kifua kikuu kikiingia katika uti wa mgongo kinaweza kupooza miguu vilevile, na hicho kina dawa. Mgonjwa wa namna hiyo akibaki nyumbani akingoja mganga, anakuwa kilema bila sababu.

Wengine watasema jimbo lenye malaria na kipindupindu haliwezi kuhangaika na magonjwa ya nadra. Lakini kupooza si jambo la nadra, na hatua ya kwanza si mashine ya bei kubwa. Ni daktari aliyefundishwa kuuliza, kupima nguvu za miguu na kutuma mgonjwa panapofaa mapema. Dawa nazo zinaanza kutambuliwa: Julai 2023, Shirika la Afya Duniani liliweka dawa 3 za SEP katika orodha ya dawa za lazima.

Pesa za kuanzia zipo. Sheria ya madini ya 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ya pesa hizo isomeshe madaktari vijana wa Lualaba katika fani hii, na ilipie picha ya IRM kwa mgonjwa asiye na uwezo, hata akitumwa Lubumbashi.

Serikali ya jimbo iandike jambo hili katika bajeti ijayo. Familia nazo zisingoje bajeti: jicho likififia ao miguu ikikosa nguvu, mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku ileile.