Sheria na Mwanakijiji: Profesa Aliyewauliza Wakulima

Ndugu msomaji, mwezi huu tunazungumza juu ya mwalimu wa sheria. Huenda ukauliza: "Profesa wa Chuo Kikuu ananihusu nini mimi mkulima?" Anakuhusu kwa sababu ya shamba lako.

Profesa ni mwalimu wa ngazi ya juu kabisa katika chuo kikuu. Ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kufundisha. Kazi ya pili ni kufanya utafiti, yaani kuchunguza jambo mpaka ukweli wake ujulikane, kisha kuuandika. Profesa wa sheria huchunguza sheria. Huuliza: Nani aliitunga? Inamsaidia nani? Inamwumiza nani?

Profesa Issa Shivji alizaliwa Kilosa, mkoani Morogoro, mwaka 1946. Alisoma sheria Dar es Salaam na London. Mwaka 1970 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alistaafu mwaka 2006. Alifundisha kwa miaka 36.

Kwanza alichunguza sheria za wafanyakazi. Wakati wa ukoloni, kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kutozwa faini au kufungwa. Mwaka 1986 Profesa alitoa kitabu juu ya sheria na wafanyakazi wa nchi yetu.

Baadaye aligeukia ardhi. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria ya ardhi ya Tanganyika. Sheria hiyo iliiweka ardhi yote chini ya Gavana. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Gavana aliondoka, lakini sheria ilibaki. Mamlaka ya Gavana yakawa ya Rais. Kisha, katika miaka ya 1970, watu wengi walihamishiwa vijijini. Wengine walipewa mashamba yaliyokuwa ya wenzao. Ugomvi ukazaliwa.

Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi. Profesa Shivji alikuwa Mwenyekiti wake. Tume ilizunguka mikoani na kufanya mikutano ya hadhara. Wakulima na wafugaji walisimama wakasema. Wengi walilalamika kwamba ardhi yao ilichukuliwa au kugawiwa bila wao kuulizwa.

Novemba 1992 Tume ilitoa taarifa yake. Ilishauri kwamba ardhi ya kijiji iwe mali ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, isiwe chini ya Rais. Serikali haikukubali shauri hilo. Ardhi yote bado ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Profesa aliendelea kuandika na kusema kwamba wanakijiji wanastahili kuwa na nguvu zaidi.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya baba mmoja na mwanawe. Mahakama ilisema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali. Katiba inailinda. Mtu asinyang'anywe bila fidia ya haki.

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Ilianza kutumika mwaka 2001. Ni sheria ya Tanzania Bara. Mambo haya yamo ndani yake:

1. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote.

2. Halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali. Mkutano Mkuu ni watu wazima wote wa kijiji.

3. Mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

4. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya haki yake ya kimila.

5. Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha ugomvi. Lina watu saba, na wanawake wasipungue watatu.

Ndugu msomaji, soma tena jambo la pili. Fikiri kwamba mgeni amekuja kijijini na gari. Anataka ekari nyingi. Anaahidi kujenga zahanati. Mwenyekiti na wenzake wachache wanatia sahihi ofisini. Je, wametimiza sheria? La. Wewe na jirani zako hamjaulizwa.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Mkutano ukiitwa nawe ukabaki nyumbani, wengine wataamua juu ya shamba lako. Basi nenda mkutanoni. Mama naye aende, aseme. Kabla ya watu kutawanyika, ombeni muhtasari usomwe kwa sauti. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Weka karatasi zako za shamba mahali pakavu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wewe sasa unajua kusoma. Jirani asiyejua msomee ukurasa huu.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mkutano Mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho?

2. Ni nani wajumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chenu? Wanawake ni wangapi?

3. Je, mashauri ya Tume yangekubaliwa yote, kijiji chenu kingefaidika nini?