Hiyo Si Besi, Ni Chumba

Nasema hivi nikijua nitagombana na nusu ya Makanyagio: wengi wetu hapa Mpanda hatujawahi kuisikia besi ya redio zetu wenyewe. Tunachosikia ni chumba kikinguruma. Sabufa imesukumwa konani nyuma ya kabati la vyombo, kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho, na kinachotoka ni "dumm" ileile, uwe wimbo wa Bongo Fleva, kwaya au taarabu. Halafu mwenye mali anakutazama huku anatabasamu: umeisikia hiyo?

Nimeisikia. Hata wa chumba cha nne ameisikia.

Tuanze na futi. Mafundi wetu wanajenga chumba cha futi kumi kwa kumi, na mara nyingi dari nalo haliko mbali na futi kumi. Kwa joto letu sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde. Chukua upana wa chumba, mita 3.05, uzidishe mara mbili kwa safari ya kwenda na kurudi, kisha gawanya. Unapata kama mitetemo 57 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti ambayo chumba chenyewe kinaipenda. Ikipigwa, ukuta unairudisha wakati uleule nyingine inapotoka, zinaungana, zinavimba. Na kwa kuwa urefu, upana na kimo vinakaribiana, uvimbe wa pande zote tatu unaangukia sauti moja. Mwambie adui yako akuchoree umbo baya kabisa la kusikilizia muziki, atakuchorea boksi la mraba la tofali za kuchoma. Ndimo unamolala.

Sasa fikiria gitaa la besi. Uzi wake wa pili kwa unene, ukipigwa bila kubanwa, hutoa mitetemo 55. Kila mpigaji akigusa uzi huo, au akipanda hatua moja tu, nyumba inaitikia kama ng'ombe. Akihama hatua kadhaa, besi inanywea. Weka wimbo wowote wa Tabora Jazz, bendi ya upande wetu huu wa reli. Katika dansi besi haikai kiti kimoja. Inatembea, inajibizana na magitaa mengine, inampisha mwimbaji, inarudi. Kwenye boksi lako la futi kumi mazungumzo yote hayo yanageuka kuwa mtu mmoja anayepiga mlango kwa ngumi. Umenunua bendi nzima, unasikiliza mlango.

Kona inazidisha balaa. Spika ikisogea karibu na ukuta mmoja, besi inaweza kuongezeka hadi desibeli 6. Kona ina kuta mbili, na sakafu chini yake. Kochi nalo limebanwa ukutani, mahali ambapo mvumo huo ni mkali kuliko kwingine kote. Katikati ya chumba mambo ni kinyume: sauti hiyohiyo hufifia. Kwa hiyo anayecheza katikati ya sebule anaona besi haitoshi. Anaongeza. Mzigo wote unaishia ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo kuna kitanda cha mtu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Nyumba zetu za kupanga zina vyumba sita chini ya bati moja, na mara nyingi ukuta unaishia kwenye dari. Juu ya dari ni uwazi mmoja kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Tofali huzuia sauti nyembamba, maneno ya wimbo yanabaki kwako. Jirani anapata mtikisiko peke yake. Nesi aliyetoka zamu ya usiku, mtoto mwenye homa, kijana wa kidato cha nne na mitihani yake, wote wanasikiliza muziki usio na wimbo. Akija kubisha hodi anaambiwa ana wivu. Akienda mbali zaidi, zipo kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, lakini kipimo cha kawaida cha kelele huchujwa kufuata sikio, na mchujo huo hukata karibu desibeli 26 kwenye mitetemo 63. Kitanda kinatetemeka, mashine inasema pako shwari.

Kuna jibu ambalo husemwa kwa kujidai: sisi ni watu wa ngoma. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, nani hapa asiyejua ngoma? Sawa kabisa. Lakini ngoma hupigwa uwanjani. Hakuna kuta nne za kuirudisha, mpigaji akinyanyua mkono sauti inakwisha, na pigo linalofuata linaanza kwenye ukimya. Ndani ya tofali pigo la kwanza bado linazunguka wakati la tatu linaingia. Usinisingizie mababu kwenye kosa la kona. (Ni sababu hiyohiyo sabufa inapendeza dukani: muuzaji anakujaribishia mlangoni, imeelekea barabarani.)

Wengine wanabandika trei za mayai ukutani. Kwa mayai ni kifaa kizuri. Wimbi la mitetemo 57 lina urefu wa mita 6, haliwezi kujua kama kuna trei. Kufungua madirisha kunasaidia kweli, maana mngurumo unatoka nje. Ila unatoka kwenda kwa nani?

Kinachonikera ni kwamba dawa ni ya bure. Panga sabufa juu ya kochi, pale unapokaa. Cheza wimbo ambao besi yake inatembea, kisha tambaa kwa magoti kufuata kuta, masikio karibu na sakafu. Watoto watakucheka, waache. Utakapofika mahali ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaofanana, hapo ndipo sabufa ikae, na kwa vyovyote haitakuwa konani. Kama sanduku lina tundu, lizibe kwa soksi kuukuu, ngumi itapungua. Kwenye simu nyingi za Android fungua ekwalaiza, tafuta namba 60, ya kwanza kushoto, uishushe. Watu wote huipandisha. Ishushe hadi uweze kuimba kile anachopiga mtu wa besi, noti kwa noti, halafu toka nje ukasimame mlangoni kwa jirani usikilize kutoka huko.